Jina la ukoo Medina: mwenzangu kazini ni Mfilipino Mkatoliki, je, ni Madina yetu hii?

BintiChumbageni

Wadau, habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni.

Niko Doha mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi hotelini, upande wa usafi wa vyumba. Mwenzangu wa zamu ni dada mmoja wa Kifilipino, mtu wa kisiwa cha Panay. Tunasukuma toroli moja, tunagawana ghorofa moja, tukimaliza vyumba vyetu 14 tunakula pamoja. Kwenye beji yake pameandikwa MEDINA. Siku ya kwanza nilipoisoma nilimpa salamu ya Kiislamu, maana kwetu Tanga Madina ni jina la mwanamke wa Kiislamu. Bibi yangu mzaa mama ni Madina, na dada yangu mkubwa karithishwa. Mwenzangu akatoa rozari mfukoni akanionyesha. Ni Mkatoliki, na kila Ijumaa anakwenda misa kwa kuwa ndiyo siku yetu ya mapumziko.

Nikachukulia ni majina yamegongana tu. Lakini wiki mbili zilizopita ilikuja familia kutoka Kolombia. Kwenye orodha ya vyumba baba ameandikwa Medina Rojas. Watu wa mapokezi wakawa wanamwita Bwana Rojas, naye kila mara anawasahihisha kwa upole: "Medina." Alipoiona beji ya mwenzangu alifurahi sana, akampa mkono, akamwuliza kwao ni wapi. Hawakuwa na lugha ya kuelewana zaidi ya Kiingereza cha kuombea maji, na kwa sura hawafanani hata kidogo.

Tangu siku hiyo dada wa watu ananiuliza mimi, kwa sababu nilimwambia kwamba jina lake ndilo la bibi yangu. Mama yake alimwambia tu kuwa ni jina la Kihispania, basi. Naomba mnisaidie nimpelekee jibu la kweli. Je, Medina hii ni Madina ileile? Iliwafikiaje Wakatoliki? Na huyu wa Panay na yule wa Kolombia, ni ndugu?

Mzee wa Kibokoni

Binti, marahaba. Jibu ni jepesi. Waislamu walitawala Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, karibu miaka 800, tangu Tariq bin Ziyad alipovuka bahari mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka 1492. Medina ni Madina hiyohiyo, haina mjadala. Baadaye watu wakashurutishwa kubatizwa, dini ikaondoka, jina likabaki. Mwambie rafikiyo kuwa wazee wake walikuwa Waislamu, na huyo mgeni wa Kolombia ni damu yake. Mambo haya hayafundishwi, ndipo watu wanaishi bila kujijua.

Mwalimu Kaloleni

Mzee wangu wa Kibokoni, shikamoo. Nusu ya kwanza ya maneno yako nakubaliana nayo yote. Nusu ya pili niruhusu niipinge kwa heshima, kwa sababu jina hili nimeishi nalo jirani. Nilisoma Valladolid, Hispania, miaka minne, na siku hizi nafundisha Kihispania waongoza watalii hapa Arusha. Kutoka Valladolid unapanda treni, muda mfupi tu unashuka mji unaoitwa Medina del Campo. Mimi nilikuwa nakwenda Jumapili, kwa kuwa maduka ya mji ule yana desturi ya zamani ya kufungua Jumapili na kupumzika Alhamisi. Nilikuwa nanunua jibini ya kondoo, kisha nakaa uwanjani nawasikiliza wazee wakiongea.

Kwanza matamshi, maana binti atayapenda. Mhispania hasemi d nzito hapo. D ikiwa katikati ya irabu mbili anaitamka kama dh yetu ya "dhahabu". Ukimsikiliza vizuri anasema "Medhina".

Neno lenyewe ni la Kiarabu kama mzee alivyosema. Katika Andalus, madina ulikuwa mji kamili, wenye ukuta, msikiti mkuu na soko. Waliposhindwa watawala Waislamu, miji haikubadilishwa majina. Ndiyo maana ramani ya Hispania imejaa Medina hadi leo: Medina del Campo, yaani Medina ya Uwandani, Medina de Rioseco, ya Mto Mkavu, Medina de Pomar kule Burgos, Medina Sidonia karibu na Cádiz, ambayo Waarabu waliiita Madinat Shaduna, na Medinaceli, Mji wa Salim, ambako Almanzor, jemadari mkubwa wa Córdoba, alifariki mwaka 1002. Wanafunzi wangu huwa nawaambia wasilione neno hili kuwa geni. "Utamaduni" wetu umetoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu, m-d-n. Na meya wa Kihispania anaitwa *alcalde*, ambaye si mwingine ila ni al-qadhi, kadhi wetu, aliyebadilishiwa kazi.

Sasa hapa ndipo ninapoachana na mzee. Jina la ukoo la namna hii linazaliwaje? Mtu aliyekuwa akiishi Medina hakuitwa "wa Medina", kwani majirani zake wote walikuwa wa Medina. Lingemtofautisha na nani? Jina lilimshika siku alipohama. Alipofika Sevilla au Toledo, watu wakasema "yule Juan, Juan wa Medina", *Juan de Medina*, na mwanawe akalirithi. Kwetu ni vilevile: Mpangani anaitwa Mpangani akishatoka Pangani. Sheikh Uways anaitwa al-Barawi kwa sisi tusio wa Barawa.

Na aliyehama alikuwa nani? Yeyote. Mkristo aliyezaliwa kwenye mji wenye jina la Kiarabu, Myahudi, au Mwislamu aliyebatizwa. Mji ukishapata jina, wakazi hulitumia bila kuuliza lugha iliyolizaa. Anayesema "natoka Dar es Salaam" haongei Kiarabu wala hatangazi dini yake. Kwa hiyo jina Medina halikuambii damu ya mtu. Linakuambia kwamba mzee wake mmoja, mahali fulani, aliondoka mji fulani uitwao Medina. Na kwa kuwa miji hiyo ni mingi, na kila mmoja ulitoa watu wake kwa nyakati zake, hakuna ukoo mmoja wa Medina. Ziko koo nyingi zenye jina moja.

Medina del Campo peke yake ilitosha kujaza dunia. Katika karne ya 15 na 16 ilikuwa na magulio makubwa kuliko yote Hispania. Walikuja wafanyabiashara wa Flanders, Genoa na Ureno kununua sufu na kulipana kwa hawala. Malkia Isabel, yule aliyemgharamia Columbus, alifia pale Novemba 1504, katika nyumba inayotazama uwanja nilikokuwa nakaa na jibini yangu. Mwaka 1520 majeshi ya mfalme yaliuchoma mji kwa sababu wenyeji walikataa kuwapa mizinga ya kwenda kuwapigia jirani zao wa Segovia. Mkijiuliza kwa nini watu wa mji mmoja wametapakaa hivyo, kumbukeni mji ule ulikuwa wa wachuuzi, na mchuuzi hakai.

Nyongeza moja, maana najua itakuja: yule Mtawala wa Medina Sidonia aliyeongoza manowari za Hispania kuivamia Uingereza mwaka 1588, jina lake la ukoo ni Guzmán. Medina Sidonia ni cheo, ni ardhi aliyoitawala. Msimtie kwenye hesabu.

Msomaji wa Leicester

Mwalimu kagusa Wayahudi akapita, naomba nikae hapo kidogo, kwa kuwa nimewahi kufuatilia.

Mwaka 1492, uleule ilipoanguka Granada, Wayahudi wa Hispania waliamriwa kubatizwa au kuondoka. Wengi walioondoka walibeba majina ya miji yao: Toledano, Soriano, Medina. Ndiyo maana huko Thessaloniki, chini ya Waturuki, mmoja wa marabi wakubwa wa karne ya 16 ni Samuel de Medina, aliyefariki 1589. Na hapa Uingereza Myahudi wa kwanza kupewa cheo cha Sir ni Solomon de Medina, mwaka 1700. Alikuwa mzabuni aliyelisha majeshi. Hawa watu walikuwa wamefukuzwa Hispania vizazi vingi nyuma, na bado jina la mji wa Kihispania, lililotoka kwa Waarabu, liko kwenye paji lao.

Nasema haya pia kwa sababu ya upotoshaji niliouona kwa macho. Mwaka 2015 Hispania ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa; dirisha la maombi likafungwa 2019. Muda wote ule zilisambazwa orodha za "majina ya Kiyahudi", Medina ikiwemo, watu wakaambiwa ukiwa na jina hilo una pasipoti. Si kweli. Sheria ilitaka ushahidi wa nasaba na uhusiano na Hispania, jina peke yake halikutosha. Kuna watu walitoa pesa kwa madalali kwa ajili ya karatasi ya orodha tu. Iliniuma.

BintiChumbageni

Mwalimu, kaka wa Leicester, asanteni sana. Nimemsomea mwenzangu wakati wa chakula, natafsiri mstari kwa mstari. Lile la "Medhina" limemfurahisha, yeye anatamka d nzito kama sisi.

Lakini amebaki na swali na mimi pia. Basi Medina ni mtu aliyehama. Je, huyo mtu alihamia Panay? Maana anasema kwao hakuna mzee anayesimulia babu Mhispania. Na mbona mgeni wa Kolombia jina lake la mwisho ni Rojas lakini anakataa kuitwa Rojas?

Mwalimu Kaloleni

Binti, maswali yako mawili ndiyo yenyewe. Naanza na la Rojas kwa kuwa ni fupi.

Wanaozungumza Kihispania hubeba majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Medina Rojas maana yake baba yake ni Medina, mama yake ni Rojas. Ukitaka kumwita kwa jina moja, chukua la kwanza. Mke naye habadili jina akiolewa. Kwa hiyo ukiona kwenye orodha yako mume ni Medina Rojas, mke ana majina mengine kabisa, na mtoto ana Medina pamoja na jina la kwanza la mama yake, hao ni familia moja halali. Waambie wa mapokezi, itawasaidia. Hata Afrika mfumo huu upo, katika Guinea ya Ikweta, iliyokuwa koloni la Hispania hadi 1968.

Ufilipino ni kinyume. Jina la mama linakaa katikati, la baba mwisho, na wengi wakiolewa huchukua la mume. Kwa hiyo kabla hujamtafutia mwenzako babu, mwulize: hilo Medina ni la baba yake au la mumewe? Nimeona watu wakifuatilia ukoo wa shemeji miezi mizima.

Sasa Panay. Hapa ndipo ile habari ya mtu aliyehama inapokatika, na nataka uielewe vizuri.

Wahispania walikaa Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1898, lakini walikuwa wachache mno: mapadri, maafisa, askari. Wafilipino waliobatizwa walipewa majina ya ubatizo, na ya ukoo wakajichagulia wenyewe, wengi mno wakijiita de la Cruz, de los Santos, del Rosario. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti, na kijiji kizima kikawa na jina moja. Mtoza kodi akachanganyikiwa. Ndipo tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería akatoa amri kila familia ichukue jina la ukoo la kudumu. Likaandaliwa daftari lenye takriban majina 60,000, yamepangwa kwa alfabeti. Mengine ya Kihispania, mengine ya lugha za hukohuko, hata ya mimea na vitu. Kurasa zikagawiwa majimboni, kutoka majimboni zikaenda mijini, na wakuu wa familia wakachagua kutoka kwenye ukurasa uliowafikia. Waliokwisha kutumia jina lao vizazi vinne waliruhusiwa kulibakiza.

Kwa kuwa ukurasa ulikuwa wa herufi moja au mbili, kuna miji ambayo hadi leo wenyeji wa asili majina yao yanaanza kwa herufi moja. Oas, katika jimbo la Albay, ni R. Hukohuko Panay, Guimbal ni G, na Tigbauan ni T. Mtu akikutajia jina lake tu, mwenye kuijua nchi anaweza kukisia kwao.

Kwa hiyo inawezekana kabisa mzee wa mwenzako hakuhama popote. Alikuwa amekaa kijijini kwake, jina likamfuata kwenye karatasi. Hana deni la damu kwa Mhispania, Mwarabu wala Myahudi. Na mgeni wa Kolombia si ndugu yake kwa sababu ya jina.

Kuhusu Amerika: huko walihama kweli. Waliovuka bahari walitoka sana kusini mwa Hispania, Andalucía, na hadi leo jina hili limejaa Andalucía na visiwa vya Canary, vilivyotoa wahamiaji wengi wa Kuba na Venezuela. Kwa sasa Meksiko ina akina Medina wengi kuliko Hispania yenyewe. Wako Kolombia, Argentina, Peru, Honduras. Venezuela ilitawaliwa na Isaías Medina Angarita 1941 hadi 1945 (ona jina lake, mtu wa Medina, mama Angarita), na Jamhuri ya Dominika na Danilo Medina 2012 hadi 2020.

Yuko mmoja ninayempenda kuliko wote. Bartolomé de Medina, mfanyabiashara wa Sevilla, alifika Pachuca, Meksiko, miaka ya 1550, akafanikisha njia ya kutoa madini ya fedha kwenye mawe kwa kutumia zebaki na chumvi. Njia yake ilitumika machimboni kwa mamia ya miaka. Na fedha ya Meksiko ilikuwa ikipakiwa bandari ya Acapulco, kila mwaka, kwenye meli kubwa za kwenda Manila. Mwambie mwenzako hivyo. Kabla jina halijafika kwao kwa karatasi ya gavana, sarafu zilizotokana na kazi ya Medina zilikuwa zimekwishatangulia.

Mzee wa Kibokoni

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Nimekubali kuhusu Panay, la daftari sikulijua. Lakini Hispania kwenyewe usiwafute Waislamu. Baada ya Granada walibatizwa kwa nguvu, wakapewa majina mapya, na kati ya 1609 na 1614 wazao wao wakafukuzwa. Sisi watu wa Mombasa tunajua jina la ubatizo linaweza kuficha nini. Yusuf bin Hassan alichukuliwa mdogo kwenda Goa, Wareno wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, wakamrudisha kuwa mfalme wao hapa. Mwaka 1631 akaichukua ngome yao na kurudi kwenye jina la baba yake. Sasa fikiria wangapi hawakupata nafasi ya kurudi.

Mwalimu Kaloleni

Mzee, hapo umesema kweli na siwezi kukupinga. Kati ya walioitwa de Medina lazima wamo waliobatizwa kwa nguvu. Ninachokataa ni kumwambia mtu mmoja, kwa jina lake tu, kwamba wewe ni wa hao. Anayetaka kujua aende kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia, arudi nyuma mzazi kwa mzazi. Hispania vipo vingi tangu karne ya 16, na Ufilipino vilivyosalimika na vita na moto vipo makanisani.

BintiChumbageni

Wakubwa zangu, nimerudi. Nimeuliza kama mwalimu alivyoniagiza. Medina ni la baba yake, hajaolewa. Nikamwambia anitajie majina ya watu wa kijijini kwao, wa zamani, si waliohamia. Akaanza kuhesabu kwa vidole huku tunakunja mashuka: Medina, Mendoza, Mercado, Miranda, Molina, Montero... Kwenye jina la sita akanyamaza, shuka likiwa mkononi. Akasema, "Mwalimu wetu wa shule ya msingi naye M." Alikuwa hajawahi kuliona jambo hilo maisha yake yote.

Usiku akapiga simu kwao. Shangazi yake amesema vitabu vya parokia yao vipo, padri anavitunza kabatini, na ataomba ruhusa aangalie miaka ya karibu na 1849 kujua mzee wao aliitwaje kabla ya daftari. Nikipata jibu nitaleta hapahapa.

Na mimi nimemrekodia bibi ujumbe wa sauti kwenda Tanga, nikamwelezea yote, Medinaceli na meli za fedha. Mwenzangu akamalizia kwa Kiswahili nilichomfundisha: "Shikamoo bibi Medhina, mimi ni Medhina." Bibi amejibu asubuhi hii. Kasema marahaba, na akija Tanga asilale hotelini.